Mbegu bora ya miwa, bora kwa shamba la nani?

Kila mkutano wa wakulima wa miwa niliowahi kuhudhuria, na kwa umri wangu ni mingi, hufika mahali mtu akasimama na kuuliza: "Mtaalamu, hebu tuambie, mbegu bora ni ipi?" Mtaalamu, hasa akiwa kijana ambaye hajachoka, hutaja jina. Watu huandika jina hilo kwenye madaftari, mmoja wawili kwenye kiganja, na msimu unaofuata kila mwenye ekari mbili anaitafuta mbegu hiyo kwa udi na uvumba. Nilikaa upande wa mtaalamu hadi nikastaafu. Sasa nakaa upande wa madaftari. Kwa pande zote mbili nasema swali hilo halina jibu la jina moja, na anayelijibu hivyo anawauzia watu mbuzi kwenye gunia.

Nina vishamba viwili hapa mkoani Morogoro. Cha chini kiko karibu na mto, udongo wa mfinyanzi mweusi ambao masika ukikolea unashika maji hadi gambuti linabaki humo ukivuta mguu. Cha juu kiko kwenye mteremko, udongo mwekundu wenye kichanga, na maji yake ni yale tu yanayotoka mbinguni. Kutoka kimoja hadi kingine unatembea na chai yako mkononi na haijapoa. Nilipanda aina ileile katika vyote viwili, pingili za macho matatu matatu zilizotoka kwenye kitalu kimoja, katika wiki moja ya vuli.

Ya chini ikanenepa, ikarefuka, na kabla ya mwaka kuisha ikalala chini yote. Muwa uliolala unaota mizizi pale unapogusa udongo, panya wanaushambulia, na mkataji anakudai bei nyingine, kwa haki kabisa. Ya juu ilibaki myembamba na iliyosimama. Jirani akipita barabarani alikuwa ananicheka kwa shamba la juu na kunisifu kwa la chini.

Nikatoa kile kifaa changu cha kupimia utamu, nilichobaki nacho tangu kazini. Ni kijibomba cha kushika mkononi. Unautoboa muwa kwa sindano nene, unaubana, tone la maji yake linadondoka kwenye kioo kidogo, unafunika, unaelekeza juani na kuchungulia kama unayeangalia mwezi. Ndani unaona mstari kati ya rangi mbili, na pale mstari unapokaa unasoma namba. Siri yake ni kupima mara mbili katika muwa uleule, pingili ya chini na pingili ya juu. Muwa mchanga utakuambia 20 chini na 14 juu, maana sukari bado haijapanda. Uliokomaa namba zake zinakaribiana. Miwa yangu ya mteremkoni, ile ya kuchekwa, ilikuwa imekaribiana. Ya bondeni, ile ya kusifiwa, kichwani ilikuwa maji matupu.

Kisha ya bondeni ikachanua. Mashada meupe yalitapakaa juu ya shamba mwezi wa sita, wapita njia wakapiga picha. Muwa ukishachanua hauongezeki tena urefu, na ukiuacha shambani unaanza kuwa sponji katikati. Ule wa juu ulichanua shina moja moja tu. Aina ni ile ile, ila muwa huamua kuchanua kwa kusikiliza urefu wa mchana, joto la usiku na unyevu wa ardhi katika wiki chache mwanzoni mwa mwaka. Mchana ulikuwa mmoja kwa mashamba yote mawili, joto karibu sawa, lakini bondeni ardhi ilikuwa imelowa na mteremkoni ilikuwa imekauka. Shamba lenye kiu halikupata nafasi ya kutoa maua.

Sasa niambie, mbegu hiyo ni bora au si bora?

Wanaofanya kazi ya kuzalisha mbegu wanalijua jambo hili kuliko yeyote. Kutoka siku mbelewele za muwa mmoja zinapokutana na ua la mwingine hadi siku mkulima anapokabidhiwa pingili, hupita miaka 10 hadi 15, na muda mwingi kati ya hiyo unakwenda katika kuhamisha aina chache zilizosalia kutoka kituo kimoja hadi kingine, udongo huu na ule, penye umwagiliaji na pasipo, kuona ipi inatulia na ipi inaruka ruka. Nimeshiriki kupima majaribio ya namna hiyo. Kinachotisha ni kuona mpangilio unavyopinduka. Aina iliyoongoza kwenye kituo cha kwanza unaikuta mkiani kwenye cha tatu, na ile uliyokuwa umeishaisahau inaibuka. Kama aina zote zingepanda na kushuka pamoja kadiri shamba linavyokuwa zuri au baya, kazi ingekuwa rahisi na mimi nisingeandika makala hii.

Tatizo ni kile kinachotufikia sisi. Mwishoni mwa majaribio yote hayo namba zinajumlishwa, zinagawanywa kwa idadi ya vituo, na mkulima anapewa wastani. Tani kadhaa kwa hekta, sukari asilimia kadhaa. Wastani huo si uongo, lakini hakuna shamba linaloitwa Wastani. Aina inayotoa nyingi sana penye maji na kidogo sana pasipo maji inaweza kulingana kwa wastani na aina inayotoa ya katikati kila mahali. Mwenye bomba la kumwagilia aichukue ya kwanza. Mwenye kutegemea mvua na mkopo wa mbolea aikimbie. Kwenye karatasi aliyopewa zinasomeka sawa.

Angalia nchi hii ilivyo. TPC, kampuni ya sukari kule Arusha Chini kusini ya Moshi, iko kwenye upande wa Kilimanjaro usiopata mvua ya kutosha. Bila umwagiliaji hakuna muwa pale, na adui anayewanyima usingizi ni chumvi ya ardhini. Lakini maji yakipatikana jua ni lao, na mavuno yake kwa hekta yanatajwa miongoni mwa ya juu barani Afrika. Kagera iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwenye baridi kiasi, muwa haukimbilii kukomaa. Kilombero iko mita 300 hivi, joto, mvua inazidi milimita 1,300 katika mwaka wa kawaida, na masika yakiingia malori hayapiti. Mtibwa ni mkoa uleule wa Morogoro, lakini mvua yake na udongo wake si wa Kilombero. Na ndani ya kila eneo kuna shamba kubwa la kiwanda lenye mabomba, na pembeni yake wakulima wa nje wanaoangalia mawingu. Tofauti ya mavuno kati ya hao wawili, wanaotenganishwa na barabara ya vumbi, mara nyingi ni kubwa kuliko tofauti kati ya mbegu mbili zozote utakazozitaja. Kuwapa wote hao jina moja la mbegu ni kama kuwashonea ndugu wote wa ukoo suruali kwa kipimo cha kaka mkubwa.

Wazee wa hapa kwetu wanaikumbuka mbegu iitwayo NCo 376. Kwa muda mrefu ukisema muwa, ulikuwa unasema huo. Asili yake inafundisha. Natal, Afrika Kusini, kuna ubaridi wa kipupwe unaoufanya muwa usitoe mbegu zenye uhai kwa urahisi, kwa hiyo watafiti wa huko waliagiza mbegu za maua kutoka Coimbatore, India, kwenye kituo kilichokuwa kikizalisha miwa tangu 1912. Mbegu zikazaliwa kwa wazazi wa Kihindi, Co 421 na Co 312, zikaoteshwa na kuchaguliwa Natal. Ndiyo maana jina likaunganisha N ya Natal na Co ya Coimbatore. NCo 376 iliruhusiwa huko mwaka 1955, ikatawala mashamba ya Afrika Kusini kwa miongo, ikafika kwetu. Ndugu yake wa baba na mama, NCo 310, alikwenda kutamba Taiwan na Okinawa. Na mama yao, Co 421, hajafa: hadi leo wakulima wa magharibi mwa Kenya wanamjua vizuri, kule kwenye miinuko ambako muwa unakaa shambani miezi 18 hadi 24 wakati sisi huku chini tunavuna kwa mwaka mmoja. Ukoo mmoja, na kila mmoja kapata makao yake.

Hata ugonjwa una mahali pake. NCo 376 ilikuwa na udhaifu mmoja mkubwa, fugwe. Kwa ambaye hajauona: katikati ya majani ya juu, pale ambapo jani changa lingetokea, unachomoza mjeledi mweusi, mwembamba, umejikunja nchani, wakati mwingine mrefu kuliko mkono. Ukiugusa, vidole vinatoka na unga mweusi laini kama wa masizi, na kila punje ya unga huo ni mbegu ya ugonjwa inayosubiri upepo. Ugonjwa huu unapenda joto na ukavu. Kwa hiyo kule Afrika Kusini, NCo 376 iliendelea kuishi vizuri kwenye pwani yenye mvua, lakini kaskazini kwenye joto na umwagiliaji fugwe iliitesa hadi ikabidi iachwe. Muwa huohuo, vinasaba vilevile, mzima hapa na mgonjwa kule.

Kwetu mkulima akiona mjeledi anafanya kitu cha ajabu: anaukata kwa panga na kuutupa kando, au, vibaya zaidi, anampa mtoto auchezee. Shina lazima ling'olewe lote, mizizi na yote, na kabla ya kuligusa mjeledi ufungwe kwenye mfuko. Hili nimelisema redioni, nimelisema msikitini baada ya sala, na nitaendelea kulisema.

Wapo walioamua kulichukulia suala la mahali kwa uzito. Kisiwa cha Réunion kina kilomita za mraba 2,500 hivi tu, ukiweka baadhi ya wilaya zetu pembeni yake hakionekani. Lakini kuna pwani ya jua kali inayomwagiliwa, kuna upande wa mvua nyingi, kuna miinuko yenye baridi. Wana vituo vya kuchagua mbegu sehemu mbalimbali za kisiwa, na wanatoa aina kwa ukanda: R579 ilitolewa kwa ajili ya sehemu za chini zenye joto, R577 kwa ajili ya juu kwenye baridi. R579 na R570 zimefika Tanzania. Afrika Kusini nao wana kawaida ya kuandika karatasi ya kila aina, ikieleza inafaa ukanda gani, udongo gani, ivunwe ikiwa na umri gani, inaogopa nini. N12 yao, kwa mfano, ni muwa mgumu wa mwendo wa taratibu, unaovumilia udongo hafifu wa miinuko ya kati. Ukiupanda mahali penye kila kitu, utapitwa na wengine. Ukiupanda penye shida, utaushukuru.

Sisi tuna TARI Kibaha, kituo chenye dhamana ya utafiti wa miwa, na nina heshima kubwa kwa watu wake. Aina nyingi tunazolima zimezaliwa kwingine, zinapita karantini, zinajaribiwa hapa, na wao ndio wanaosimama mlangoni. Sisemi hawapimi mazingira, wanapima. Nasema safari ya taarifa inakatika njiani. Kibaha wana majedwali. Mkulima ana jina la mbegu. Kati yao kuna viongozi wa ushirika, maafisa ugani wenye kata mbili mbili bila pikipiki, na wauza pingili ambao kwao kila mbegu waliyonayo leo ndiyo bora kuliko zote.

Mwaka mmoja mradi fulani ulitugawia pingili bure. Hakuna aliyeuliza mashamba yetu yako wapi. Pingili zilikuwa safi, sina ubishi, zilitoka kwenye kitalu cha kumwagilia na zilikuwa na macho yaliyovimba vizuri. Shemeji yangu akapanda ekari nzima mteremkoni. Mwaka wa kwanza akapata mavuno ya kuridhisha kwa sababu mvua ilikuwa nzuri. Akaanza kupigiwa mfano kwenye vikao. Alipokata na kuacha muwa uchipue, chipukizi la kwanza likaja na mapengo. Chipukizi la pili unaweza kupitisha ng'ombe kati ya shina na shina.

Hapa ndipo vipimo vya mwaka mmoja vinapotudanganya kuliko kitu kingine. Mkulima wa nje halimi muwa wa mwaka mmoja. Kung'oa na kupanda upya ndiko kunakomaliza fedha, kwa hiyo anakata na kuacha uchipue, anakata na kuacha uchipue, hadi shamba lenyewe likatae. Aina inayong'ara mavuno ya kwanza na kufa chipukizi la tatu ni hasara kwake, hata kama kwa shamba la kiwanda, lenye ratiba ya kupanda upya, ni faida. Ukitaka kujua mbegu inamfaa nani, iulize mwaka wa nne. Na ndani ya miaka minne mazingira yenyewe hubadilika: katika hiyo utapata masika yaliyochelewa, kiangazi kirefu, na pengine mafuriko kama ya El Niño ya mwishoni mwa 2023, yaliyosimamisha viwanda na kuipaisha bei ya sukari nchi nzima mwanzoni mwa 2024.

Nimepinga sana, basi niseme ninachotaka.

Kila tripu ya miwa inayoingia kiwandani inapita kwenye mizani. Inapimwa uzito. Sampuli inachukuliwa kupima sukrosi, maana wakulima wa nje tunalipwa kwa uzito na sukrosi. Mkulima anapewa karatasi yenye namba zake. Msimu mzima, maelfu ya tripu, kutoka mashamba ya bondeni na ya milimani, ya mfinyanzi na ya kichanga. Hilo ni jaribio kubwa kuliko lolote ambalo kituo cha utafiti kingeweza kuligharimia, na linafanyika kila mwaka, limeshalipiwa. Kinachokosekana kwenye karatasi yangu ni vitu vitatu: aina ya mbegu, kitongoji shamba lilipo, na hili ni chipukizi la ngapi. Karani angeviandika kwa sekunde chache. Dereva anavijua, na asipojua anampigia simu mwenye shamba.

Baada ya misimu mitatu, chama cha ushirika kingeweza kubandika ukutani orodha inayosema: kitongoji hiki, udongo wa namna hii, aina hii chipukizi la tatu ilitoa kiasi hiki na sukrosi hii, aina ile kiasi kile. Kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa. Kibaha wangepewa nakala waitumie kurekebisha mapendekezo yao. Hapo kijana akiulizwa mbegu bora ni ipi, angeuliza naye unatoka kitongoji gani, kisha angetazama ukutani.

Nimelipeleka wazo hili kwa watu kadhaa. Pingamizi la kwanza nililopata ni kwamba wakulima watadanganya aina, kwa sababu wengi hawajui walichopanda. Ni kweli, mashamba yetu mengi ni mchanganyiko, muwa wa babu na wa mradi katika mstari mmoja. Lakini anayejua ataandika, na asiyejua aandike hajui. Tripu za wanaojua zinatosha kuanzia. Na siku mkulima akigundua kwamba kuijua mbegu yake kuna faida, ataanza kuweka kibao pembeni ya shamba kama wanavyofanya watu wa mahindi.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi, na nililipata kwa mtu aliyewahi kupanga ratiba za uvunaji. "Mzee," aliniambia, "mkipanda kila mmoja aina yake, mimi nitaikata lini?" Ana hoja. Kiwanda kinahitaji miwa inayokomaa kwa mafungu: ya mapema ya kufungulia msimu, ya katikati, na ya kuchelewa ya kufungia kabla masika hayajafunga barabara. Kukiwa na aina ishirini zilizotapakaa ovyo, hakuna ratiba. Lakini hakuna aliyeomba ishirini. Nne au tano kwa bonde zima, zikigawanywa kwa ukanda na kwa muda wa kukomaa, zingempa yeye ratiba nzuri kuliko aliyonayo sasa, ambapo aina moja imepandwa kila mahali na inakomaa bondeni kwa wakati wake, mteremkoni kwa wakati wake, na gari linatumwa kote kuwili siku moja. Pia aina moja kila mahali ni kualika maafa. Vidukari vya manjano vilivyovamia mashamba ya miwa nchini miaka ya karibuni havikushambulia aina zote kwa kiwango kimoja.

Kwa mradi wa Kilombero wa kupanua kiwanda kutoka uwezo wa tani 127,000 hivi za sukari kwa mwaka hadi 271,000, miwa ya ziada itatoka kwa sisi wakulima wa nje kwa sehemu kubwa, na ardhi mpya inayofunguliwa si ile ya kando ya mto, hiyo ilishakwisha zamani. Ni miteremko na vichanga. Pingili za kupanda huko zitachaguliwa na mtu ofisini katika msimu huu au ujao. Nitafurahi nikijulishwa kwamba kabla ya kuchagua alipanda huko juu na buti zake, akachimba shimo la futi mbili, akauona udongo.

Mimi shamba langu la juu nimeshalipanga upya. Nusu nimeacha aina ile ile, kwa sababu pale inaniheshimu. Nusu nimetia aina mbili nyingine, mistari sita sita, na vibao vya mbao vyenye majina yaliyoandikwa kwa rangi ya mafuta. La chini nimeling'oa lote. Wanaotaka kuja kuangalia chipukizi la kwanza waje mwezi wa nane, wavae viatu vilivyofunika mguu, na wasije na swali la mbegu bora.